Mguu Unaobaki

Valerian Mallya aliacha kurefuka akiwa darasa la sita, na mpaka leo hakuna aliyemwomba radhi kwa jambo hilo. Kaka zake watatu walipanda juu kama migomba iliyowekewa samadi. Yeye akabaki pale pale, akakomaa. Nyumbani kwao Kibosho kaka mkubwa alikuwa na mchezo wake wa Jumapili baada ya misa. Anamwekea Valerian kiganja kwenye paji la uso, ananyoosha mkono, kisha anamwambia, "Haya, nipige." Valerian anarusha ngumi zote alizonazo, zinaishia hewani, na ukoo mzima unacheka mpaka mtori, ile supu ya ndizi na nyama, unapoa. Mama yake naye alicheka. Utasema utoto ndivyo ulivyo. Sawa, lakini kuna vicheko ambavyo mtu huvibeba hadi ukubwani, na Valerian alivibeba vyote, hakuangusha hata kimoja njiani.

Akiwa na miaka arobaini na mbili alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Pasua, mjini Moshi. Fundi mzuri, nisimsingizie. Geti lake hukaa miaka kumi bila kulegea bawaba. Alikuwa na mke, Zita, mwanamke wa maneno machache aliyeuza ndizi na maparachichi mbele ya karakana, na binti, Doris, aliyekuwa anasoma Tanga. Mtu wa namna hiyo angeweza kuridhika. Lakini Valerian alikuwa mchezaji wa karate, na mkanda wa kahawia ulikuwa umemkaa kiunoni miaka kumi na moja. Vijana waliomkuta klabuni wakiwa hawajui hata kufunga sare walishampita na kuvaa mweusi. Yeye alikuwa bado anawakunjia mikeka.

Klabu yenyewe ilikuwa ndani ya ghala la zamani la mahindi, mikeka ya mpira chini, bati linalovuja kwenye kona ya mashariki. Mara tatu Valerian alifanya mtihani wa mkanda mweusi, mara tatu akaanguka. Hatua zake zilikuwa safi, pumzi safi, nidhamu usiseme. Kilichommaliza kila mara ni kipengele cha mwisho, kupambana na watu watatu mmoja baada ya mwingine. Na wa tatu, sijui kwa nini, daima alikuwa mrefu. Mrefu anainua mguu taratibu, hana haraka yoyote, na Valerian anaupokea kifuani akiwa bado hatua mbili mbali na mtu mwenyewe.

"Unasimama getini," Sensei Fredy, mwalimu wao, alimwambia baada ya mara ya tatu. "Mrefu ana fimbo ndefu. Ukisimama getini kwake anakuchapa yeye akiwa amekaa sebuleni. Kaa nje kabisa, au ingia ndani kabisa. Pale katikati ndipo unapofia."

"Sasa sensei, naingiaje wakati fimbo iko mlangoni?"

Sensei Fredy alikuna kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa mrefu na hajawahi kuhitaji kuingia popote.

Jibu lilitoka kwa Eliakim Mtui. Huyu alikuwa kijana wa miaka thelathini, mtu wa Marangu, kiongozi wa wapanda mlima. Ule mlima aliupanda na wageni mara mbili kwa mwezi tangu ana miaka ishirini na moja, na alikuwa mrefu kiasi kwamba akiingia ghalani aliinamisha kichwa kwa mazoea hata pale ambapo mlango ulimtosha. Akiwa hayuko mlimani alikuwa klabuni. Siku ya kwanza kabisa alimfuata Valerian, akachuchumaa mbele yake mpaka macho yakawa sawa na macho, akamwuliza kwa uso mkavu, "Kaka, huko chini hali ya hewa ikoje? Nieleze, maana mimi sijawahi kufika."

Ghala zima lilisubiri Valerian awake. Valerian alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Hakuna mrefu aliyewahi kujishusha ili amtanie. Wote walimtania kutoka juu. Tangu siku hiyo Eliakim alimwita Kisoda, jina la kile kifuniko cha chupa ya soda, na ni yeye peke yake aliyeruhusiwa. Wakikutana, Eliakim husema, "Shikamoo, Kisoda," na Valerian hujibu, "Marahaba, nguzo ya umeme," kisha wanashikana mikono kama watu waliopotezana mwaka mzima. Zita alikuwa akisema mumewe ana rafiki mmoja tu duniani na mwenyewe hajui. Hapo Zita alikosea. Valerian alijua sana.

Kila Jumamosi asubuhi Eliakim alimkopesha urefu wake. Alisimama mkekani akarusha teke lile lile, polepole, mara hamsini, mara mia, na kumfundisha siri ambayo warefu hawaitoi.

"Usiangalie mguu unaokuja," alimwambia. "Huo kazi yake ni kukutisha. Angalia mguu unaobaki. Mtu mrefu akinyanyua mmoja amebaki na mmoja, na huo mmoja umebeba mtu mzima. Ukiniingia hapo, mimi ni mti uliokwisha kukatwa."

Basi Valerian akajifunza kuingia. Teke likipanda, anapita kwa pembeni chini yake, anafika hadi kifuani kwa mrefu, kisha kwa wayo wake anaufagia ule mguu uliobaki. Na hapo palikuwa na sheria mbili ambazo Sensei Fredy aliziandika ukutani kwa rangi nyekundu. Fagia kifundo, usiguse goti. Mshike mwenzako mkono wa sare unapomwangusha, ili afike chini kama mtu anayelazwa kitandani. Kifundo na mkono wa sare; asiyeyaweza hayo mawili afagie barabara. Kufikia Februari, Valerian alikuwa anamlaza Eliakim mara sita katika kumi, na kila akilazwa Eliakim alipiga mkeka kwa kiganja na kupaza sauti, "Kisoda kimefungua chupa!"

Naomba uishike hiyo furaha kwa sababu haitarudi.

Jumamosi moja ya Machi, mvua za masika zikiwa zimeanza mapema, Eliakim alikuja akiwa ameshuka mlimani jana yake. Alikuwa na furaha ya mtu aliyelala kitandani baada ya siku saba za hema. Valerian kwa upande wake alikuwa na asubuhi mbaya. Mteja alimkatalia geti mbele za watu. Wakaanza mazoezi. Mara ya kwanza aliingia mapema, teke likamkuta. Mara ya pili mapema tena. Mara ya tatu alipokuja mbio bila mpango, Eliakim alicheka, akanyoosha mkono wake mrefu, akamwekea kiganja kwenye paji la uso na kumzuia pale pale.

"Haya, Kisoda, nipige," alisema.

Hakujua. Ningekuwa na uwezo ningeliandika neno hilo mara kumi: hakujua. Hakuna aliyewahi kumsimulia habari za Kibosho. Ulikuwa utani kama utani wao mwingine wote, na vijana kumi na wawili waliokuwa ukutani waliangua kicheko cha kawaida cha Jumamosi. Lakini Valerian alisikia ukoo wake wote, akamsikia na mama yake, marehemu sasa.

"Tuendelee," alisema kwa sauti ndogo.

Eliakim alirudi mahali pake, kona ya mashariki, akainua mguu wa kulia. Valerian aliingia. Aliingia vizuri kuliko siku zote za maisha yake, mwepesi, kwa wakati wake, na mbele yake ukabaki mguu wa kushoto, umebeba mtu mzima. Alikiona kifundo. Aliliona goti. Muda ulikuwepo, hilo ndilo analojiambia kila siku anapowasha mashine ya kuchomelea, kwamba muda ulikuwepo wa kuchagua na yeye alichagua. Mguu wake haukupita chini kwenye kifundo. Ulipanda, ukalipiga goti kwa ubavuni kwa mfupa wa muundi, na mikono yake yote miwili ilikuwa imekunjwa ngumi, haikushika sare ya mtu yeyote. Ulisikika mlio kama wa mtu anayevunja muwa.

"Nimeteleza!" Valerian alipiga kelele hata kabla Eliakim hajaanza kulia. "Nimeteleza! Mkeka una maji!"

Na kweli ulikuwa na maji. Bati lilikuwa limevuja tangu alfajiri. Uongo ukipata shahidi wa namna hiyo unasimama wenyewe, hauhitaji kuegemezwa.

Daktari alisema kuna mishipa miwili imekatika ndani ya goti na gegedu limepasuka. Atatembea, alisema, tena kwa subira atatembea bila gongo, atabaki na fimbo. Eliakim akauliza kuhusu mlima. Daktari akamwambia kupanda pengine ataweza siku moja. Kushuka ndiko hakutawezekana, maana katika kushuka goti ndiyo breki, na lake halina breki tena. Eliakim aligeuza uso akautazama ukuta. Kisha akageuka tena, akamwona Valerian amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa, na unajua alisema nini? Aliwaambia ndugu zake waliokuwa pale, "Huyu msimlaumu. Bati lile tumelisemea mwaka mzima."

Valerian aliyaweka yale machungwa chini, akatoka bila kuaga.

Zita alimsikiliza siku tatu akigongagonga vyuma bila kuunda kitu. Siku ya nne aliacha ndizi zake akaingia karakana.

"Uliteleza kweli, Baba Doris?"

"Mkeka ulikuwa na maji."

"Sikuuliza mkeka."

Valerian alirudi kugonga chuma. Zita alisimama hapo, mkono kiunoni, akimtazama yule mwanaume aliyemjua kwa miaka ishirini. Kisha akasema, "Nenda kwa Baba Mdogo. Mwambie akupeleke Marangu na isale."

Isale ni jani, jani refu la kijani la mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu, mashamba ya ukoo. Wageni hudhani ni ua la kupendezesha shamba. Mchaga aliyekosewa, hata awe ameapa kukuua, ukimfikia na isale mikononi na mzee wa kwenu pembeni, anakusamehe. Halikataliwi. Mababu hawakutuachia mahakama nyingine kubwa kuliko hiyo, na wakristo kwa ukristo wetu hatujathubutu kuifuta.

Baba Mdogo Primus, aliyebaki kuwa mkubwa wa ukoo, alilichuma mwenyewe mpakani pa kihamba, akalifuta umande kwa shati lake. Walishuka Moshi, wakabadilisha gari Himo, na njia nzima mzee alilishika lile jani wima mapajani kama mshumaa wa Pasaka. Walipoanza kupanda kuelekea Marangu alimgeukia Valerian.

"Utalitamka kosa lako kwa mdomo wako," alisema. "Mimi nitakuombea, lakini kulitaja ni kazi yako. Ulitaje lilivyo. Isale halibebi kosa ambalo halikutajwa. Na kwa jambo moja halipelekwi mara mbili, mwanangu. Ukilipeleka, limekwenda."

"Nimesikia, Baba Mdogo."

"Umelipanga la kusema?"

"Nimelipanga."

Na alikuwa amelipanga, namwamini. Alikuwa amelipanga kwa maneno manne: nilikasirika, nikalipiga goti lako. Aliyarudia kimoyomoyo tangu Himo, na kila alipoyarudia kifua kilimlegea kidogo, kama mtu aliyekwisha kuona mlango.

Mama yake Eliakim, Mama Elinipendo, mjane wa Kilutheri aliyeimba kwaya miaka thelathini, aliwapokea uani chini ya migomba. Eliakim alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu, mguu umenyooshwa juu ya stuli, umefungwa toka paja hadi muundi. Alipomwona Kisoda analeta jani kwa mikono miwili, akipiga hatua ndogo ndogo za heshima, machozi yalimlengalenga.

"Sisi ni watu wa Kanisa," Mama Elinipendo alisema, "lakini isale ni isale. Karibuni."

Baba Mdogo Primus aliomba kwa Kichaga cha kale, maneno marefu mazuri, kisha akampa Valerian nafasi. Kuku walikuwa wakiparura kwenye majani makavu. Valerian alipiga magoti, na akiwa amepiga magoti alikuwa mfupi kuliko alivyowahi kuwa, akanyanyua jani.

"Eliakim," alisema. "Mama. Siku ile... siku ile mimi nili..."

"Mwanangu, usijitese," Mama Elinipendo alimkatiza kwa upole. "Eliakim ametueleza yote. Uliteleza. Tangu hospitali hakubali mtu akutaje kwa ubaya, hata kaka yake aligombana naye. Anasema Kisoda hawezi."

Valerian alimtazama Eliakim. Eliakim alitabasamu na kumwitikia kwa kichwa, kumtia moyo, kama anavyofanya na wageni wake wanapokata tamaa karibu na kilele. Maneno manne yalikuwa yamekaa hapo mdomoni. Kuyasema kulihitaji kuuvunja ule uso. Ningependa kukuambia kwamba alishindwa kwa sababu ya huruma, na yeye hupenda kujiambia hivyo. Lakini ulikuwa woga tu, woga wa kawaida wa mtu aliyeona anapendwa na hataki kupoteza.

"Niliteleza," Valerian alisema. "Nisamehe."

Eliakim alilipokea jani kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, Kisoda. Kabisa, kabisa."

Wakaletewa mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, wakanywa katika kibuyu kimoja kinachopita mkono kwa mkono, Mlutheri kwa Mkatoliki. Baba Mdogo Primus alichangamka akaanza kusimulia habari za baridi ya mwaka sabini na tisa. Valerian alimeza mbege na haikuwa na ladha yoyote. Alikuwa ameomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, akaupata. Na lile alilolifanya lilibaki naye, sasa bila dawa. Sikujui wewe uliyesoma, lakini mimi sijui umaskini mkubwa kuliko huo.

Walipoaga, Eliakim alimvuta mkono.

"Mtihani umesogezwa mpaka Novemba, nimesikia. Usithubutu kukaa nyumbani. Mimi goti langu limekwenda, basi angalau lirudi na mkanda. Nitakuja kukaa pale pale mbele."

Angekataaje? Miezi iliyofuata alifanya mazoezi na Sensei Fredy, na kila mguu unaobaki ulipokuwa mbele yake mwili ulimganda. Sensei Fredy alidhani ni majonzi na alimsifu kwa roho nzuri. Watu wote walimsifu. Eliakim kule Marangu alianza kuuza viatu vya mtumba vya kupandia mlima, viatu vya wageni, na kila wiki alimpigia simu Kisoda kumtania na kumuuliza anaingiaje siku hizi. Baada ya kila simu Valerian alikaa juu ya toroli la chuma chakavu bila kufanya kitu mpaka Zita amwite kula. Alikonda. Mara mbili alipanda gari hadi Himo akiwa na nia ya kwenda kuyasema yale maneno manne, na mara mbili alinunua nyanya sokoni Himo akarudi nazo Pasua.

Novemba ilikuja na mvua za vuli. Watahini watatu kutoka Arusha walikaa nyuma ya meza, na Eliakim, kama alivyoahidi, alikaa mbele kabisa, kona ya mashariki, kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti. Bati lilikuwa halijatengenezwa. Valerian alifanya hatua zake, akapambana na wa kwanza, akapambana na wa pili. Wa tatu akaitwa. Ronald, kijana waliyekuja naye kutoka Arusha. Alipofunga mkanda wake, fundo lilikuwa usawa wa kifua cha Valerian. Vijana wa ukutani waliguna kwa huruma.

Teke la kwanza lilimpata begani. La pili tumboni. Alikuwa amesimama getini, katikati, pale watu wanapofia, na kusema ukweli alikuwa anataka iwe hivyo. Alitaka apigwe, aanguke mara ya nne, akunje mikeka, aende nyumbani. Ndipo aliposikia sauti kutoka benchi.

"Kisoda! Mguu unaobaki!"

Mwili ulimtii rafiki yake kabla akili haijakataa. Teke la tatu lilipopanda alipita chini yake, akaingia, akafika. Kifundo kilikuwa mbele. Safari hii alikitaka kifundo, Mungu ni shahidi, akautuma wayo wake chini, na hapo hapo akakanyaga maji ya bati na akateleza. Aliteleza kweli. Mguu ulikimbia mbele chini kabisa, ukachora mstari mrefu juu ya mkeka, ukamgusa Ronald kwenye vidole vya mguu. Matako ya Valerian yalielekea sakafuni. Na mkono wake, bila kuambiwa na mtu, ukaukamata mkono wa sare ya Ronald ukaushikilia. Wakashuka wote wawili taratibu, mrefu juu, mfupi chini, kama watu wanaokaa kwenye kochi. Valerian akagusa kifua cha Ronald kwa ngumi na kupiga ukelele wa ushindi, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Mtahini mkuu alisimama. "Hata alipoteleza hakumwachia mwenzake," aliwaambia vijana. "Tazameni. Hicho ndicho kinachoitwa mkanda mweusi."

Ghala lililipuka kwa makofi. Eliakim naye alipiga makofi, moja, mbili, kisha mikono yake ikabaki hewani. Alikuwa anautazama ule mstari wa maji mkekani. Aliutazama toka ulipoanzia mpaka ulipoishia, polepole, kama kiongozi anayesoma nyayo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Valerian alimfikia akiwa na mkanda mweusi mpya mikononi, bado haujafungwa. Watu walikuwa wanampiga mgongoni.

"Leo umeteleza," Eliakim alisema.

"Ndiyo."

"Mtu akiteleza, mguu unashuka." Alisema kwa utaratibu, kama mtu anayefanya hesabu kwa sauti. "Siku ile wako ulipanda."

Huo ndio ulikuwa wakati. Maneno manne yalikuwa bado manne. Lakini hata angeyasema, yangekuwa jibu la swali. Hayangekuwa tena toba. Valerian alifungua mdomo, kikatoka kitu kisichokuwa neno.

Eliakim aliinuka kwa shida akiegemea fimbo yake, na alipomaliza kuinuka alikuwa mrefu sana. Hakuinama.

"Nilishasamehe," alisema. "Isale halijawahi kurudishwa kutoka nyumbani kwetu, na mimi sitakuwa wa kwanza." Kisha, kwa adabu yote, kama kijana anayemwamkia mzee asiyemjua, akasema, "Shikamoo, Sensei Valerian."

Mwamkiwa hana budi kuitikia. "Marahaba," Valerian alisema, na Eliakim akatoka, fimbo ikigonga sakafu, akiinamisha kichwa mlangoni pasipo sababu.

Jumapili iliyofuata Valerian alipanda Kibosho. Baba Mdogo Primus alikwishasikia habari. Aliuchukua ule mkanda, akajivika shingoni, akawa anaita majirani waje waone. Kaka mkubwa alikuwepo pia, mvi kichwani sasa, akampa Valerian mkono akasema, "Sasa nani atathubutu kukushika kichwa, eh?" Wakacheka. Valerian aliwaacha akateremka hadi mpakani mwa kihamba. Pale Baba Mdogo alipolichuma lile jani mwezi wa nne palikuwa pameshachipua jingine, zuri kuliko la kwanza, na pembeni yake mengine, mamia, mstari mzima mpaka kwa jirani, yote yakilowa mvua.

Mzee alimfuata huko nyuma.

"Unatafuta nini huku kwenye matope?"

"Baba Mdogo," Valerian alisema bila kugeuka, "hivi ni kweli halipelekwi mara mbili?"

Baba Mdogo Primus alimtazama mgongo. Kisha alijivua ule mkanda shingoni, akaukunja, akamrudishia mkononi.

"Ulisema nini kule Marangu?" aliuliza.

Valerian aliendelea kuyatazama majani. Mzee alisubiri, akasubiri mpaka mvua ikaongezeka, halafu akarudi ndani, na baada ya muda kicheko kilichokuwa kinasikika toka nyumbani kikakatika.